Mbwa Amekula Dawa ya Mende: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Wauza dawa wanaopita mitaa ya Tanga kama Ngamiani na Makorora na vipaza sauti hutaja orodha ile ile: dawa ya panya, ya mende, ya kunguni, ya viroboto, ya nzi. Vyote vimo kwenye kapu moja. Humo mna jeli ambayo mbwa wa kilo 15 akilamba matone machache huenda asipate zaidi ya kichefuchefu, na mna vipakiti vya unga usio na jina unaoweza kumuua mbwa huyo huyo kabla hujapata bajaji. Mwenye mbwa akipiga simu, vyote viwili anaviita "sumu ya mende". Kwa hiyo kabla ya kutibu dalili yoyote, tafuta jibu la swali moja: amekula nini hasa? Jibu hilo ndilo linaloamua kama utakaa naye sebuleni ukimwangalia au utakimbia naye kwa daktari wa mifugo usiku huo huo.

Usisome zaidi, ondoka sasa, ikiwa:

- ana degedege, au anatetemeka mwili mzima bila kukoma
- haamki, au anaamka na kuanguka
- anapumua kwa shida, au fizi zimekuwa za bluu au nyeupe
- mate, machozi, mkojo na kuhara vimemtoka kwa pamoja
- alichokula hakina lebo na hakuna anayejua ni nini
- ni mtoto wa mbwa, au mbwa mwenye mimba, na amekula kiasi usichokijua

Mpigie daktari mkiwa njiani. Bodaboda haifai kumbeba mbwa anayetetemeka. Tafuta bajaji au gari, na umviringishe kwenye khanga kuukuu au gunia safi. Madereva wengine hawataki mbwa kwenye chombo chao. Zungumza na mmoja unayemfahamu leo, mbwa akiwa mzima, uhifadhi namba yake pamoja na ya daktari.

## Dakika za mwanzo

Vaa glavu, au vaa mfuko mkononi. Glavu inakukinga na sumu, na katika nyumba ambayo watu hawagusi mate ya mbwa kwa sababu ya dini, inamwezesha kila mtu kusaidia bila kusita. Mtenge mbwa na mabaki. Wafungie paka na kuku mbali. Kama mbwa ametulia na anakujua, mtoe vipande vilivyobaki mdomoni na mfutie fizi na ulimi kwa kitambaa chenye maji. Kama anatetemeka, ana hasira au tabia yake imebadilika, usiingize mkono mdomoni mwake hata kidogo.

Kisha okota kila kitu: pakiti, sirinji, vipande vya plastiki, hata matapishi kidogo kwenye mfuko uliofungwa. Andika saa. Mpime mbwa kwa kusimama naye kwenye mizani, halafu usimame peke yako na utoe tofauti.

Sasa soma lebo. Tafuta kiambata amilifu, yaani sumu yenyewe, na asilimia yake. Zidisha asilimia hiyo kwa 10 upate miligramu za sumu zilizomo katika gramu 1. Jeli ya mende yenye fipronili 0.05% ina miligramu 0.5 kwa gramu. Mbwa wa kilo 15 aliyelamba gramu 2 amepata miligramu 1 tu kwa mwili mzima. Chambo cha nzi chenye methomili 1% kina miligramu 10 kwa gramu. Methomili ya shambani ya 90% ina miligramu 900 kwa gramu, na watu huinunua kwa vipimo vidogo, wakaichanganya na sukari nyumbani kuulia nzi. Zote tatu zinaweza kuwa kwenye kisosi kimoja jikoni na zikafanana.

Ukimpigia daktari, mtajie uzito, kitu alichokula, kiasi, saa, na unachokiona sasa hivi. Maelezo marefu ya jinsi ilivyotokea yatasubiri. Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na aliye karibu nawe huenda ni daktari au afisa mifugo wa kata anayeshinda zizini. Usimpuuze kwa kuwa si "daktari wa mbwa". Sumu nyingi kati ya hizi anazifahamu kupitia dawa za kuogeshea mifugo.

### Mambo yanayofanywa kwa nia njema na yanayoumiza

Maziwa ndiyo ya kwanza. Ukanda wetu mzima unaamini kwamba maziwa yanaua sumu. Hayaui. Baadhi ya sumu huyeyuka kwenye mafuta, hivyo maziwa na mafuta ya kula huzisaidia kuingia mwilini. Mbwa aliyelegea akinyweshwa kwa nguvu, maziwa huingia kwenye mapafu, na hapo umemwongezea ugonjwa wa pili.

Maji ya chumvi ya kumtapisha ni mabaya zaidi. Chumvi nyingi kwenye damu peke yake huleta degedege na huweza kuua. Mkaa wa jikoni uliosagwa si ule mkaa wa hospitali unaofyonza sumu. Huo umetengenezwa kwa namna yake. Kidole kooni kitakuletea jeraha tu. Mayai mabichi, limao, dafu: hakuna hata kimoja kinachobadilisha sumu.

Kumtapisha mbwa ni uamuzi wa daktari. Hufaa tu pale mbwa alipokula muda mfupi uliopita, yuko macho kabisa, na kitu chenyewe si cha kuunguza wala si mafuta ya taa au petroli. Ukishaona mtetemeko, kuyumba au usingizi, nafasi hiyo imepita.

## Dalili ya kwanza: amekula, lakini yuko sawa kabisa

Hili ndilo linaloulizwa zaidi. Umeamka, umekuta kisanduku cha plastiki cha mende kimetafunwa, na mbwa anatingisha mkia.

Chanzo cha kawaida ni chambo cha dukani chenye sumu kidogo. Vibandiko, visanduku na jeli za sirinji za mende na sisimizi zimetengenezwa ili mende ale, arudi shimoni, awaambukize wenzake. Ndiyo maana sumu yake ni hafifu, na vilivyobaki ni sukari, mafuta na vyakula vya kuvutia, ambavyo mbwa navyo anavipenda. Kwenye lebo utakuta majina kama fipronili, hidramethilnoni, indoksakabi, imidaklopridi, abamektini au asidi ya boriki. Kwa mbwa mkubwa aliyekula kisanduku kimoja, wengi hawaonyeshi dalili yoyote, au hutapika mara moja.

Hakikisha haya: lebo inasomeka, na kiasi kilichopotea ni kidogo. Unganisha vipande vya plastiki sakafuni kama unavyopanga kigae kilichovunjika, uone pengo lililobaki ni kubwa kiasi gani. Pengo hilo litatuhusu huko mbele. Mpe maji ya kawaida, usimlazimishe. Usiku huo alale karibu na mtu, na umwangalie kwa saa 24.

Chanzo kinachofuata ni kwamba dalili bado hazijafika. Hapa ndipo watu hupotea. Sumu za nzi za kundi la methomili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja hivi, kwa hiyo mbwa aliye sawa baada ya saa kadhaa amekwisha kuvuka sehemu kubwa ya hatari hiyo. Sumu ya panya ya kuzuia damu isigande ni kinyume chake: mbwa huonekana mzima kwa siku kadhaa huku damu inaharibika. Kama kapu lile la muuzaji lilikuwa na vyote, huwezi kujua ni ipi kwa kumwangalia mbwa.

Simama hapo na upige simu ikiwa huna lebo, ikiwa amekula pakiti nzima ya unga, au ikiwa ni mbwa mdogo aliyekula jeli ya sirinji nzima. Abamektini ina tahadhari yake: Collie, machotara wake, na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi inayoruhusu sumu hiyo kuingia kwenye ubongo. Mlinzi wako wa getini kama ana damu hiyo, mwambie daktari.

## Dalili ya pili: anatapika au anaharisha, lakini anatembea na anakujua

Mara nyingi ni tumbo tu limechafuka kwa sababu ya mafuta na sukari za chambo, au asidi ya boriki inayochoma utumbo. Wengine huchanganya unga wa boriki na sukari na maziwa ya unga wakapaka nyuma ya kabati. Mbwa akiufikia hutapika, mara nyingine matapishi ya rangi ya kijani kibichi au samawati. Kwa kiasi kikubwa, hasa kwa watoto wa mbwa, boriki huathiri figo, kwa hiyo mbwa anayeacha kukojoa ni wa kwenda kwa daktari.

Mnyime chakula kwa saa sita hadi nane kama ni mbwa mzima. Mtoto wa mbwa usimfungishe muda mrefu, kwani sukari yake ya damu hushuka haraka. Maji mpe kidogo kidogo. Kisha mpe wali mweupe na kuku wa kuchemsha bila chumvi, na bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vyote viwili huharibu chembe za damu za mbwa. Mchuzi wa nazi uliobaki si chakula cha mgonjwa.

Kuna jambo moja la kunusa. Kama matapishi au pumzi yake inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, fikiria sumu ya panya ya zinki fosfaidi, ule unga wa kijivu mweusi unaochanganywa na dagaa au ugali na kutegwa darini. Nyumba yenye harufu ya samaki huificha harufu hii, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna aliyetega panya. Sumu hiyo ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, inayomwumiza mbwa na watu walio karibu. Usimpe chakula, kwa sababu chakula huongeza asidi. Mtoe nje penye upepo, fungua madirisha, watoto wakae mbali, usiiname juu ya matapishi, na umwambie daktari kabla hajamweka chumbani. Haya si ya kutibu nyumbani.

Ukiona damu kwenye matapishi, kutapika zaidi ya mara tatu nne, au mbwa ameanza kulegea, acha na uende.

## Dalili ya tatu: mate mengi na povu mdomoni

Mate yana vyanzo vingi, na kosa kubwa ni kuchukua vyote kuwa kimoja.

Kinachotokea zaidi ni ladha chungu au mwasho wa mdomo. Chaki ya mende na koili za mbu zina sumu za jamii ya pairethroidi, ambazo huwasha ulimi. Mbwa hutoa mate, hupangusa mdomo kwa miguu, hukunja midomo, kisha huendelea na shughuli zake. Mfute mdomo, mpe maji au kipande cha chakula, na hali hutulia. (Paka ni habari nyingine. Pairethroidi kali inayovumiliwa na mbwa inaweza kumwua paka. Ukiwa na wote wawili nyumbani, mwangalie paka kwa ukaribu zaidi.)

Cha pili ni chura. Mvua za masika na vuli zikinyesha, mbwa wa Sahare na Raskazone wanaolala nje huwadaka usiku, na povu humtoka ndani ya dakika, fizi zikiwa nyekundu sana. Msafishe mdomo kwa maji yanayotiririka, kichwa kikiangalia chini ili asimeze, ukipangusa fizi kwa kitambaa. Akianza kutapika mfululizo, kuyumba au moyo kwenda ovyo, mpeleke.

Cha tatu ndicho sumu ya nzi au dawa ya shambani, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndicho kinachoua.

Nzi wanapojaa, watu hutaka dawa kali: msimu wa maembe, siku za kusafisha samaki, machungwa ya Muheza yakiwa yamelundikana uani. Chembe za sumu ya nzi zimechanganywa na sukari na hutawanywa chini kwenye sinia au kifuniko cha ndoo, palipo usawa wa pua ya mbwa. Methomili na sumu za jamii yake, pamoja na dawa nyingi za wadudu wa shambani na baadhi ya dawa za kupe, huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva. Ujumbe hauzimiki, kila tezi na kila msuli unaendelea kufanya kazi. Mate hutiririka, macho hulia, mkojo hutoka bila yeye kutaka, kuhara hufuata, misuli ya uso na mapaja huchezacheza chini ya ngozi, kifua hujaa ute, na mwisho mbwa hushindwa kupumua.

Mwangalie mboni kwa tochi ya simu. Zikiwa zimesinyaa kama ncha ya sindano hata penye giza, pamoja na mate na kuhara, usitafute ushahidi mwingine.

Dawa yake ipo: atropini, na kwa baadhi ya sumu za jamii ya oganofosfati huongezwa dawa nyingine. Mpigie daktari umuulize neno kwa neno, "Una atropini hapo?" Kama hana, uliza nani anayo kabla ya kupanda bajaji. Dakika kumi za kuzunguka mjini kutafuta sindano ni nyingi mno kwa mbwa huyu.

Onyo: usinunue atropini ukamchoma mwenyewe. Kipimo cha kutibu sumu hutofautiana sana na kile cha kawaida, tena ipo sumu ambayo atropini haifai kabisa. Amitrazi, inayotumika kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, nayo humlegeza mbwa, humtapisha na kushusha mapigo ya moyo, ila mboni zake hutanuka. Matibabu yake ni tofauti. Wafugaji wa Pongwe na Muheza wenye ndoo za kuogeshea mifugo uani, tajeni hilo kwa daktari hata kama mna hakika kwamba ni sumu ya mende. Chupa yenyewe, au picha ya lebo, inaokoa kuliko maelezo.

Cha mwisho kwa uwezekano, lakini cha kwanza kwa hatari kwako, ni kichaa cha mbwa. Mbwa asiyechanjwa, anayetokwa mate kwa sababu hawezi kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, tabia imegeuka tangu jana au juzi, miguu ya nyuma inadhoofika: huyo hakuanza ghafla baada ya kula kitu. Usimguse. Mfungie bila kumshika, wapishe watu, mwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa au kuparuzwa, au mate yamemwingia kwenye kidonda, aoshe pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu, ugonjwa huu huua karibu kila mara.

## Dalili ya nne: anatetemeka, anapepesuka au ana degedege

Kuanzia na linalotokea zaidi: pairethroidi nyingi mno, kama vile kula vipande vya chaki, unga wa viroboto au kulamba sakafu iliyopulizwa dawa bado mbichi. Kisha sumu ya nzi niliyoieleza. Kisha fipronili au indoksakabi ya unga mkali, na abamektini, ambayo humfanya mbwa apepesuke, agonge kuta kama asiyeona, mboni zikiwa pana. Mwisho, yasiyo sumu: homa ya mbwa inayoshambulia ubongo wa watoto wa mbwa wasiochanjwa, ambayo mara nyingi hutanguliwa na kikohozi na macho machafu, na kifafa kwa mbwa aliyewahi kuanguka zamani.

Akiwa ndani ya degedege, kazi yako ni kumlinda asijiumize. Sogeza meza na meko, zima redio, punguza taa, tazama saa. Usimshike ulimi, mbwa hamezi ulimi wake, na utang'atwa. Usimnyweshe chochote. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka vizuri, ni dharura kamili na dawa ya kulizima anayo daktari tu.

Joto la Tanga linaongeza tatizo. Misuli inayotetemeka hupandisha joto la mwili, na Februari penye unyevunyevu mwili hauna pa kulipelekea. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likipita 41 ubongo na viungo vya ndani huanza kuharibika. Mloweshe tumbo na makwapa kwa maji ya bomba, washa feni, usitumie barafu, na acha kumpoza akikaribia nyuzi 39.5 asije akapita upande wa pili. Kipimajoto huingizwa njia ya haja, na kamwe si wakati wa degedege.

Mbwa aliyekuwa amefungwa juani bila maji anaweza kuonyesha haya yote bila kula kitu. Tazama mnyororo wake ulikuwa wapi saa saba mchana.

## Dalili ya tano: dawa iko kwenye manyoya

Jeli imemganda, au amelala juu ya unga. Hajala bado, lakini atajilamba. Vaa glavu, mwoshe kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya kawaida, suuza sana, mkaushe. Unga mkavu upanguse kwanza kabla ya kumwagia maji. Mzuie kujilamba mpaka akauke. Kama ameanza kutetemeka, kuoga kunasubiri.

## Dalili ya sita: siku ya pili au ya tatu hataki kula, anatapika, hajisaidii

Hapa sumu kwa kawaida si tatizo tena. Tatizo ni plastiki. Kumbuka lile pengo kwenye vipande ulivyopanga sakafuni. Kipande kikubwa kinaweza kukwama tumboni au kwenye utumbo, mbwa akatapika kila anachokunywa, akajikunja, tumbo likawa gumu na lenye maumivu, haja kubwa ikakoma au ikatoka kidogo yenye ute.

Kagua kinyesi chake kwa siku zile mbili tatu. Vipande vidogo hutoka vyenyewe. Usimpe mafuta ya nyonyo wala dawa ya kuharisha, kwa kuwa kusukuma utumbo ulioziba kunaweza kuupasua. Kitu kikining'inia njia ya haja, usikivute. Plastiki mara nyingi haionekani vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo picha safi haimaanishi kwamba hakuna kitu. Mwombe daktari aangalie na ultrasaundi panapowezekana. Mbwa aliyetapika kwa siku nzima na hashiki hata maji hangojei kesho.

## Dalili ya saba: siku kadhaa baadaye, fizi nyeupe au damu

Sumu za panya kama brodifakumu na bromadioloni huzuia mwili kutumia vitamini K, ambayo bila hiyo damu haigandi. Dalili huja baada ya siku mbili hadi saba, mara nyingi tatu hadi tano: uchovu, fizi nyeupe, kukohoa, kupumua haraka, michubuko tumboni, damu puani au kwenye haja. Wenye mbwa husahau kabisa kile kipakiti cha wiki iliyopita.

Hata hivyo, kwetu pwani ugonjwa wa kupe ndio chanzo cha kawaida zaidi cha fizi nyeupe. Angalia masikio na katikati ya vidole kama ana kupe, pima homa, tazama mkojo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kahawia pamoja na homa unaelekeza kwenye kupe. Damu inayotoka sehemu kadhaa bila homa, baada ya panya kutegewa, inaelekeza kwenye sumu. Maambukizi ya kupe nayo yanaweza kutoa damu puani, kwa hiyo uamuzi ni wa kipimo cha damu. Wakati huo usimkimbize, usimvute kwa mnyororo shingoni, usimchome sindano ya msuli nyumbani. Na usimpe dawa za maumivu za binadamu: ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huongeza kutoka damu.

Tiba ya sumu hii ni vitamini K1. Duka likikupa K3, haitoshi kwa kazi hii. Vidonge huenda pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili viingie vizuri, kwa muda ambao daktari atauweka, mara nyingi wiki tatu hadi nne kwa sumu za muda mrefu. Mbwa hurudia uzima wake ndani ya siku chache na wengi huacha vidonge hapo, huku sumu ikiwa bado kwenye ini. Maliza dozi, kisha mrudishe apimwe kuganda kwa damu saa 48 baada ya kidonge cha mwisho.